Diski za harusi za mama: VCD inagoma kutoka ISO, na sitaki kila mwenye Wi-Fi yetu aone za kinamama

BintiNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenishinda, naomba mnielekeze taratibu.

Mama yangu alikuwa mpiga video wa shughuli za wanawake hapa Tanga. Sizungumzii ukumbini ambako wanaume nao wapo. Yeye aliitwa kwenye singo, kupamba, kicheni pati, zile ambazo mwanamume hata mlangoni hasogei, na kinamama wanavua mabuibui wakijua aliyeshika kamera ni mwenzao. Alianza na kanda za VHS, akahamia VCD, akamalizia na DVD, mpaka simu zilipomnyang'anya kazi. Kila shughuli alibakiza nakala moja kwake. Juu ya diski kaandika namba tu kwa kalamu nene. Jina la mwenye shughuli liko kwenye daftari, na daftari analala nalo chini ya mto.

Sasa wenyewe wanarudi. "Mama Zuhura, yangu watoto wameichezea, imekwaruzika yote, hebu nitafutie ile yako." Mama kanikabidhi makreti ya soda yaliyojaa diski, akasema aliyesomeshwa kompyuta ni mimi, nijue la kufanya.

Nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye Debian (aina ya Linux), hadi diski ya TB 2 na draivu ya DVD ya ndani. Samba, programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, ipo na inafanya kazi, tunaitumia kwa picha na nyaraka za nyumbani.

Shida ya kwanza ni VCD. DVD nyingi zinatoka ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima) vizuri kwa dd, ile amri ya kunakili. Lakini VCD, mfano namba 212, nikiandika

dd if=/dev/sr0 of=212.iso bs=2048

inakwenda kidogo, inalia "Input/output error", inaniachia kifaili ambacho hakifiki hata MB 2. Nikikifungua naona folda zote, MPEGAV ipo, ndani AVSEQ01.DAT imeandikwa ukubwa wa mamia ya MB, ila haichezi. Diski hiyo hiyo nikiitia kwenye deki ya mama inapiga mwanzo mpaka mwisho, haijikwai hata mara moja. Sasa mbovu ni nini?

Ya pili ni kugawa. Hapa nyumbani Wi-Fi inatumiwa na sisi, wadogo zangu wa kiume, na wapangaji wa uani. Dada yangu yuko Muscat naye anataka za kwake. Mama ametoa sharti moja: za ukumbini aone yeyote, za kinamama zisionwe na mwanamume, "hata kaka zako, hata kwa bahati mbaya". Nifanyeje?

kijana_wa_bando

Dada unajitesa bure. Pandisha YouTube, weka isiyoorodheshwa, watumie linki WhatsApp. Kwisha habari.

BintiNgamiani

Kaka, nimemsomea mama jibu lako. Kasema nikwambie ahsante, na hapana.

FundiDeki

Dada BintiNgamiani, diski yako nzima, draivu nzima, na dd haina kosa. VCD haigeuki ISO.

CD imekatwa sekta, kila sekta baiti 2352. Kwenye CD ya data ya kawaida, mali yako ni baiti 2048, zilizobaki ni anwani na tabaka la ziada la kusahihisha makosa. ISO inabeba zile 2048 tu. Waliotunga VCD mwaka 1993 walipiga hesabu nyingine: video ikikosea nukta mbili tatu hakuna wa kulalamika, basi lile tabaka la ziada la nini? Wakaliondoa, wakaipa video baiti 2324 kwa kila sekta. Ndiyo maana diski ya dakika 80 inayobeba MB 700 za data, ikiwa VCD inabeba karibu MB 800.

Kwa hiyo VCD ina treki mbili au zaidi. Ya kwanza ni fupi, ni data ya kawaida, ndimo yalimo majina ya folda. Ya pili na kuendelea ndiyo video yenyewe. dd inamaliza treki ya kwanza salama, inaingia ya pili, inadai baiti 2048 mahali ambapo sekta haikupangwa hivyo, inakwama. Ulichonakili ni kava, diski imebaki ndani.

Unachotaka ni BIN na CUE: BIN ni sekta zote kama zilivyo, CUE ni kifaili kidogo cha orodha ya treki. Weka cdrdao na vcdimager, zote zipo kwenye Debian, kisha:

cdrdao read-cd --read-raw --device /dev/sr0 --datafile 212.bin 212.toc
toc2cue 212.toc 212.cue

Hapo zinachukuliwa zile baiti 2352 zote bila kubagua. VCD iliyojaa dakika 80 itakupa BIN ya baiti 846,720,000. Usishtuke kwamba faili limezidi diski iliyoandikwa MB 700, hesabu ni sekta 360,000 mara 2352.

Hiyo BIN ndiyo nakala ya kutunza. Ya kutazama toa humo humo, diski usiizungushe tena:

vcdxrip --bin-file=212.bin

Itakutolea avseq01.mpg. VLC inaipiga kwenye simu na kompyuta, na TV nyingi zinaipokea. Picha usitegemee makubwa, VCD ya PAL ni 352 kwa 288 tu. Usiipeleke kwenye programu za "kuongeza ubora", nyuso zinakuwa za plastiki na bibi harusi hatajitambua.

Kwa faida ya wanaotumia Windows: ukinakili AVSEQ01.DAT moja kwa moja inakubali na VLC inaicheza. Linux ndiyo inayokataa kuisoma kama faili la kawaida. Lakini hiyo ni video tu, si nakala ya diski.

Sasa DVD. dd inafaa kwa diski safi. Yenye mikwaruzo, dd ikikuta sekta mbovu inasimama na kukuacha hapo. Tumia ddrescue. Kifurushi kwenye Debian kinaitwa gddrescue ila amri ni ddrescue, hapo watu wengi hupotea.

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 340.iso 340.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 340.iso 340.map

Mara ya kwanza inakusanya kilicho rahisi na kuruka pagumu. Mara ya pili inarudi pale pale palipobaki. Lile faili la map ndiyo kumbukumbu yake, umeme ukikatika katikati unarudia amri ile ile inaendelea ilipoishia. Kabla ya raundi ya pili punguza kasi: eject -x 4 /dev/sr0. Diski mbovu haipendi kukimbizwa.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa kazi ya mama yako lina thamani kuliko yote niliyoandika. Kama mama alichoma nakala zake na za mteja kutoka mradi mmoja uliokwisha kufungwa, sekta zake zinafanana moja kwa moja. Basi huyo mteja aliyekuja na diski iliyochezewa na watoto, usimrudishe nayo. Piga raundi ya kwanza kwa diski ya mama, kisha tia ya mteja, endesha ddrescue na 340.iso ile ile na 340.map ile ile. Itasoma kutoka kwa mteja yale tu yaliyokosekana kwa mama. Ni nadra mikwaruzo ya watoto wa Ngamiani kuangukia sekta zile zile za kreti la soda. Hakikisha tu kwanza ukubwa wa diski zote mbili ni sawa kwa baiti, zikitofautiana hata kidogo acha, ni matoleo mawili.

Kusafisha: kitambaa laini, maji yenye sabuni kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu mfululizo mrefu wa data, wa kukatiza unavumilika. Dawa ya meno waachie meno. Na kama kuna karatasi ya kubandika juu ya VCD usiibandue hata ikiwa imechanika, kwenye CD ile metali iko upande wa juu chini ya rangi tu, inatoka na gundi.

Suala la kugawa nitalijibu nikitoka dukani.

UmmRayyan

Assalaam alaykum. Nawasoma nikiwa Muscat, na nimo kwenye diski kama hizo, si za mama yako lakini za mwingine wa huko huko Tanga. Naomba niseme la upande wetu.

Aliyelipia shughuli ni mmoja, waliomo ndani ni mia. Mimi nilivua buibui kwa sababu namjua mwenye kamera. Sikumjua mume wa binamu wa bibi harusi atakayeshika rimoti miaka kumi na tano baadaye. Kwa hiyo mdogo wangu, hata huyo mwenye diski anapokuja, mpe yake tu, usimpe mlango wa kuingia kwenye folda nzima. Na majina yasiwe kwenye majina ya mafaili. Mama yako kaandika namba, nawe baki na namba. Daftari lisiingie kwenye kompyuta. Baadhi ya ndoa hizo hazipo tena, na kuna wenye diski waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Wakija watoto wao kuulizia, hilo ni la mama yako kuamua, si la kompyuta.

Kuhusu dada yako aliyeko huku: DVD nzima ni karibu GB 4.7. Kama nyumbani kwenu kasi ya kupandisha ni Mbps 5, hiyo ni saa mbili na ushei kwa diski moja, ikiwa mtandao haukukatika. Mimi zangu zililetwa na mtu kwenye hadi diski ndogo iliyofungwa na VeraCrypt, programu ya kufunga data kwa nenosiri, na nenosiri lenyewe nikaambiwa kwa simu kwa mdomo. Mzigo ukipotea njiani, aliyeuokota kaokota chuma.

kijana_wa_bando

Nimeelewa mama, naomba radhi. Sikujua ni za aina hiyo.

Ila dada, ukimpa mtu DVD kwenye flashi, angalia flashi imefomatiwaje. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, ISO ya DVD iliyojaa itakataa hata kama flashi ni ya GB 64. Weka exFAT.

BintiNgamiani

Wakuu, 212 imetoka! BIN na CUE, na mpg inapiga mpaka mwisho. Mama aliitazama yote akiwataja mmoja mmoja kwa majina na nani alikuwa na deni la nani. Mbinu ya diski mbili nimeielewa, yupo mteja namuita kesho arudi na yake.

FundiDeki, nakusubiri kwa la kugawa. Naongeza maswali mawili. Sebuleni TV inasoma seva kwa DLNA (njia ya TV kuchota video kwenye mtandao wa nyumbani), programu yake ni minidlna. Je, naweza kuitia nenosiri? Na kuna DVD chache ukizitia kwenye kompyuta inasema diski tupu. Lakini kwa nyuma ukiigeuza kwenye mwanga unaona kabisa sehemu iliyochomwa, rangi imebadilika. ddrescue nayo haipati kitu.

FundiDeki

Naanza na DLNA kwa sababu ndiyo tundu kubwa. Minidlna haina nenosiri. Yeyote aliyeingia kwenye Wi-Fi yenu, mpangaji, mgeni wa mpangaji, anaona kila ulichoweka humo. Basi minidlna ielekeze kwenye folda ya ukumbini peke yake. Folda ya kinamama isiwe hata ndani ya njia hiyo.

Kwa Samba fanya hisa mbili, yaani folda mbili zinazogawiwa:

[ukumbini]
path = /srv/ukumbini
read only = yes
guest ok = no
valid users = @nyumbani

[ndani]
path = /srv/ndani
read only = yes
browseable = no
guest ok = no
valid users = @kinamama

Kila mtu awe na akaunti yake, unaiongeza kwa smbpasswd -a. Zingatia kwamba browseable = no inaficha jina tu, haifungi kitu. Anayelijua jina anaandika mwenyewe. Kufuli ni valid users. Na read only iache hivyo kwa wote, wewe mwenyewe ukitaka kuongeza mafaili ingia kwenye mashine. Sijawahi kuona familia yenye hisa ya kuandika ambayo haikufutwa kitu na mtoto.

Halafu upande wa Linux wenyewe: chown root:kinamama /srv/ndani, kisha chmod 750. Bila hivyo, mtu mwenye akaunti kwenye mashine anapita nyuma ya Samba.

Lakini hapa niseme ukweli. Kama kaka zako wana sudo (ruhusa ya msimamizi) kwenye hiyo kompyuta, au wanaweza kuchomoa hadi diski na kuitia kwenye nyingine, yote hayo hayawazuii. Sharti la mama ni "hata kwa bahati mbaya", na kwa bahati mbaya Samba inatosha. Akitaka zaidi ya hapo, sehemu ya /srv/ndani iwe imefungwa kwa LUKS, kufuli la Linux la diski nzima, nenosiri analo mama. Gharama yake ni kwamba kila umeme ukikatika na kurudi, folda hiyo haifunguki mpaka mama aje aandike. Kwa umeme wa huku kwetu ninavyoujua, mwambie mapema.

Muscat: fungua ukurasa wa rauta uangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127, huna anwani yako mwenyewe ya intaneti, mnachangia na wateja wengine, na kufungua milango kwenye rauta hakutasaidia. Intaneti ya laini za simu mara nyingi iko hivyo. Hata ukiwa na anwani yako, Samba usiitoe nje ya nyumba kamwe. Kuna WireGuard na Tailscale, za kuunganisha mashine za mbali kwa njia iliyofungwa, lakini kwa idadi ya diski za dada yako, namuunga mkono UmmRayyan, hadi diski kwenye mzigo inamfikia mapema na hulipi bando.

Kwa kila BIN na ISO tengeneza sha256sum (alama ya kukuonyesha kama faili limeharibika baadaye) uihifadhi pembeni, na nakala ya pili iwe kwenye hadi diski nyingine isiyokaa kwenye mashine hiyo. TB 2 zinaingiza DVD zaidi ya 400 zilizojaa, nafasi unayo.

Hizo "tupu" si tupu. Mama alikuwa na rikoda ya DVD ya mezani, au kamera iliyorekodi moja kwa moja kwenye diski? Diski ya namna hiyo isipofungwa mwishoni, yale maelezo ya mwanzo yanayoiambia kompyuta kuna nini humo hayakuandikwa. Irudishe kwenye rikoda ile ile, tafuta kwenye menyu palipoandikwa Finalize, iache imalize. Baada ya hapo kompyuta itaiona kama nyingine. Windows ikikuuliza kama ufomati, kataa.

UmmRayyan

Fundi, kwa mwenye simu tu, ataionaje hiyo "ndani"?

FundiDeki

VLC ya Android, mama. Inaingia kwenye mtandao wa nyumbani, unaandika anwani ya seva na jina la hisa, unatia jina lako na nenosiri. ISO ya DVD kuichezea humo mtandaoni wakati mwingine inasumbua, kwa hiyo pembeni ya kila ISO aweke na mp4. DVD kwa kilele chake ni kama Mbps 10, Wi-Fi yoyote ya kawaida inaibeba.

BintiNgamiani

Nimefanya yote ya Samba. Mdogo wangu nimempa simu ajaribu kuingia "ndani", imemkataa, akanuna. Mama kafurahi kuliko siku ya VCD. LUKS amekubali pia, kasema kuandika nenosiri si kazi.

Rikoda ipo, ilikuwa chini ya kitanda imefungwa kwenye kanga, inawaka na inasoma diski. Rimoti ndiyo haipo. Vitufe vya mbele ni kuwasha, kurekodi na kutoa diski tu, menyu huwezi kuifikia.

FundiDeki

Tafuta mwenye simu yenye taa ya infraredi juu, Redmi nyingi zinayo. Zina programu ya rimoti ndani, chagua kampuni ya rikoda, ukikosa modeli kamili jaribu za DVD za kampuni hiyo hiyo moja baada ya nyingine mpaka menyu ifunguke. Ukishaifungua, funga diski zote siku hiyo hiyo, mwenye simu akiwa bado yupo. Na awe mwanamke, maana kwenye hatua ya kuchagua rikoda itaonyesha vijipicha vya kilichomo.